Henry Darcy: Mtumishi wa Umma Aliyeweka Msingi wa Kupima Visima vya Mafuta na Gesi

Na Mwandishi Wetu

Serikali yoyote inapotangaza kiasi cha mafuta au gesi asilia kilichogunduliwa ardhini, mwananchi hupewa tarakimu. Hapa Tanzania tarakimu iliyozoeleka masikioni ni futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi asilia. Ni haki ya mwananchi kujiuliza ni nani aliyeteremka maelfu ya mita chini ya ardhi, tena chini ya bahari, akapima. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeteremka. Kinachoteremshwa ni vifaa, na kimojawapo ni kile kinachopima mgandamizo ndani ya kisima. Sehemu kubwa ya kinachosemwa baadaye kuhusu mwamba ule usioonekana hutokana na hesabu zinazofanywa juu ya vipimo hivyo.

Msingi wa hesabu hizo uliwekwa mwaka 1856 na mhandisi wa Serikali ya Ufaransa ambaye hakuwahi kuchimba kisima hata kimoja cha mafuta. Kazi yake ilikuwa maji ya kunywa ya mji alikozaliwa. Jina lake ni Henry Darcy, na wahandisi wa mafuta duniani kote hulitamka kila siku, wengi wao bila kufahamu alikuwa mtu wa namna gani.

Henry Philibert Gaspard Darcy alizaliwa tarehe 10 Juni, 1803 katika mji wa Dijon, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alifariki dunia mwaka 1817, Henry akiwa na umri wa miaka 14, na mzigo wa malezi ukabaki kwa mama. Mama huyo hakukubali ujane uwe sababu ya watoto kukosa elimu. Alihangaika hadi mwanawe akafika mbali, na mwaka 1821 Henry akaingia katika Chuo cha École Polytechnique jijini Paris, chuo ambacho taifa lile lilikitegemea kuandaa wahandisi na maofisa wake wa kijeshi. Miaka miwili baadaye alijiunga na chuo cha wahandisi wa madaraja na barabara. Waliohitimu hapo waliingia moja kwa moja katika utumishi wa Serikali, wakapangiwa mikoa, wakahamishwa kwa barua na kupandishwa vyeo kwa ngazi, kama ilivyo kwa watumishi wa umma popote.

Mwishoni mwa miaka ya 1820 Darcy alikuwa amerudi kufanya kazi nyumbani, Dijon. Mwaka 1828 alimwoa Henriette Carey, binti wa familia ya Kiingereza iliyokuwa ikiishi mjini humo.

Dijon ya wakati huo ilikuwa na hali mbaya ya maji. Wakazi walitegemea visima vifupi vilivyochimbwa katikati ya makazi, karibu na vyoo na mazizi. Mto Suzon uliopita mjini ulikuwa umegeuka kuwa mtaro wa taka. Mawazo ya kuleta maji safi kutoka mbali yalikuwa yamejadiliwa kwa vizazi kadhaa bila utekelezaji. Jaribio la karibuni lilikuwa la kuchimba kisima kirefu katika uwanja wa Saint-Michel, kwa matumaini kwamba maji ya chini yangepanda yenyewe hadi juu. Uchimbaji huo ulifika kina cha takribani mita 150 kabla ya kusitishwa mwaka 1830. Maji yalipatikana na yakapanda, lakini hayakufika usawa wa ardhi, na kiasi chake hakikuweza kukidhi mahitaji ya mji. Wengi wangehesabu tukio hilo kuwa hasara na kulisahau. Darcy alilifuatilia kwa karibu, akahifadhi takwimu zake, na tutaona baadaye kwamba hazikupotea bure.

Mwaka 1834 aliwasilisha mpango wake mwenyewe: kuchukua maji ya chemchemi ya Rosoir, nje ya mji, na kuyaleta Dijon kwa mserereko. Mradi ulianza kujengwa mwaka 1839. Mfereji uliofunikwa, wenye urefu wa kilomita 12.7, uliteremsha maji kwa kiasi cha takribani mita za ujazo 8 kila dakika hadi kwenye tenki la Porte Guillaume, na tenki la pili likajengwa Montmusard. Tarehe 6 Septemba, 1840 maji yaliingia mjini. Mtandao wa mabomba wa mita 28,000 ulilazwa chini ya barabara, na vituo 142 vya kuchotea maji vikawekwa katika mitaa, kimoja kila baada ya mita 100 hivi, ili asiwepo mkazi wa kubeba ndoo mwendo mrefu. Mfumo mzima ulifukiwa ardhini na haukuwa na pampu hata moja. Paris yenyewe, makao makuu ya nchi, ilichukua miaka mingi kabla ya kupata huduma iliyolingana na ile.

Kwa kazi hiyo Darcy alistahili kulipwa makumi ya maelfu ya faranga. Alikataa. Alichokubali kutoka kwa mji wake ni nishani ya dhahabu na haki ya kupata maji bila malipo nyumbani kwake muda wote wa uhai wake. Mwandishi wa makala haya, ambaye naye anaishi kwa mshahara wa umma, hathubutu kudai kwamba kila mhandisi anapaswa kufanya hivyo. Ila jambo hilo lilimpa Darcy sauti mjini Dijon ambayo cheo peke yake kisingempa.

Sauti hiyo aliitumia tena katika suala la reli. Njia ya reli kutoka Paris hadi Lyon ingeweza kupita mbali na Dijon na kuuacha mji ukisinyaa. Darcy, ambaye sasa alikuwa mhandisi mkuu wa jimbo la Côte-d'Or, alipigania njia ipite Dijon, na akahusika katika kubuni njia ya chini ya mlima huko Blaisy, yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Reli ilipita Dijon, na Dijon ni kituo kikubwa cha reli hadi leo.

Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1848. Mfalme aliondoka, Jamhuri ikatangazwa, na wakuu wapya wakaanza kupitia orodha za maofisa wenye ushawishi mikoani. Darcy alionekana kuwa mmoja wao. Aliondolewa katika nafasi yake na kuondoshwa Dijon, akapelekwa Bourges katikati ya nchi. Hakukuwa na tuhuma ya uzembe wala ya ubadhirifu. Umaarufu wake ndio uliotosha. Haukupita muda mrefu akaitwa Paris kusimamia maji na barabara za jiji hilo, jambo linaloonyesha kwamba hata waliomwogopa kisiasa walihitaji ujuzi wake. Akiwa huko alisafiri hadi Uingereza kuchunguza ujenzi wa barabara za kokoto na kuandika taarifa yake, akapandishwa cheo kuwa mkaguzi mkuu, na pia akatoa ushauri kuhusu maji ya mji wa Brussels.

Wakati huo huo afya yake ilikuwa ikidhoofika. Maradhi yaliyokuwa yakimsumbua tangu miaka ya 1840 yalizidi, na mwaka 1855 aliomba kupunguziwa majukumu ili arudi Dijon. Alikuwa na umri wa miaka 52. Alirudi kwa lengo moja: kukamilisha utafiti aliokuwa akiuahirisha kwa miaka mingi kwa sababu ya kazi za ofisi, na kuuandika kabla nguvu hazijamwishia.

Swali lililomkabili lilikuwa la kawaida kwa wahandisi wa maji. Miji mingi ya Ulaya ilichuja maji ya mito kwa kuyapitisha katika matabaka ya mchanga, lakini hakuna aliyejua kwa uhakika ukubwa wa kichujio kinachohitajika. Kila mjenzi alikisia. Darcy alitaka kanuni. Hivyo, katika hospitali ya Dijon, alisimamisha bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani cha mita 0.35, akaweka wavu karibu na kitako chake, akajaza juu ya wavu mchanga wa Mto Saône, kisha akaunganisha bomba hilo na maji ya hospitali. Juu na chini ya mchanga aliweka vipimo vya zebaki vya kusoma mgandamizo. Maji yaliyopita yalikusanywa na kupimwa kwa saa.

Majaribio ya awali yalifanyika tarehe 29 na 30 Oktoba na tarehe 2 Novemba, 1855, Darcy akishirikiana na mhandisi Charles Ritter. Walibadilisha unene wa mchanga, kuanzia mita 0.58 hadi mita 1.71, na kila mara wakaongeza au kupunguza mgandamizo. Tatizo likajitokeza mara moja. Zebaki ilikuwa ikichezacheza, kwa sababu kila koki ilipofunguliwa au kufungwa mahali pengine hospitalini, mshtuko ulisafiri ndani ya mabomba hadi kwenye kipimo. Darcy hakuuficha usumbufu huo. Aliueleza katika maandishi yake, ili msomaji ajue kwamba baadhi ya tarakimu zilisomwa kwa kukadiria katikati ya mtikisiko. Tarehe 17 na 18 Februari, 1856 Ritter alirudia kazi peke yake, safari hii akibadilisha pia mgandamizo wa upande wa chini wa mchanga, ambao awali ulikuwa umeachwa sawa na ule wa hewa ya kawaida. Matokeo yaliafikiana na yale ya mwanzo.

Kanuni iliyopatikana inaweza kuelezwa kwa sentensi mbili. Kiasi cha maji kinachopita katika mchanga kwa muda fulani huongezeka kwa uwiano ule ule na eneo la mchanga na tofauti ya msukumo kati ya juu na chini, na hupungua kwa uwiano ule ule kadiri unene wa mchanga unavyoongezeka. Kinachobaki ni namba moja inayotegemea aina ya mchanga, yaani ni rahisi kiasi gani kwa maji kupenya ndani yake. Tofauti ikizidishwa mara mbili, maji huongezeka mara mbili kamili, wala si mara moja na nusu, wala mara nne.

Hapo ndipo takwimu za visima zilipoingia. Darcy alikusanya vipimo vya visima ambavyo maji yake hupanda yenyewe na kuangalia kilichotokea mdomo wa kisima uliposhushwa au kupandishwa. Aliona kwamba mabadiliko ya kiasi cha maji yalikwenda kwa uwiano ule ule na mabadiliko ya kimo. Hapo alitambua kwamba tabaka lililo chini ya ardhi linafanya kazi kama bomba lake la mchanga, na kwamba kwa kubadilisha hali juu ya kisima na kupima jibu lake, mtu anaweza kupata habari za mwamba ambao hatauona kamwe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, wazo hilo lina uzito sawa na kanuni yenyewe, ingawa vitabu vingi hulipita haraka.

Yote hayo yalichapishwa mwaka 1856 katika kitabu kikubwa kuhusu chemchemi za umma za mji wa Dijon, chenye zaidi ya kurasa 600 pamoja na michoro. Humo mna historia ya maji ya Dijon, hesabu za gharama, maelezo ya mabomba na ushauri kwa miji mingine. Kanuni ya mchanga imewekwa katika kiambatisho, karibu na ukurasa wa 590, ikichukua kurasa chache tu. Msomaji wa kawaida angeweza kufunga kitabu bila kufika huko.

Darcy hakupumzika baada ya hapo. Aliendelea na utafiti wa msuguano wa maji ndani ya mabomba na kuboresha chombo cha kupimia kasi ya maji, na akaanza majaribio ya mifereji ya wazi ambayo msaidizi wake, Henry Bazin, alikuja kuyakamilisha. Akiwa safarini Paris alipatwa na homa ya mapafu, akafariki dunia tarehe 3 Januari, 1858 akiwa na umri wa miaka 54. Mwili wake ulirudishwa Dijon kwa mazishi, na uwanja uliokuwa na tenki la maji la Porte Guillaume ukapewa jina lake.

Alichoacha kilikuwa na pengo moja kubwa. Kanuni yake ilihusu mtiririko uliokwisha kutulia. Katika bomba la hospitali, baada ya dakika chache kila kitu kilikuwa thabiti. Katika tabaka la mwamba lenye upana wa kilomita nyingi hali haiko hivyo: kisima kinapofunguliwa, mgandamizo hushuka kwanza karibu na kisima, kisha mshuko huo husambaa polepole kwenda mbali, kwa saa, siku au miezi. Mhandisi mwenzake, Jules Dupuit, alipiga hatua mwaka 1863 kwa kuandika hesabu ya maji yanayokimbilia kisimani kutoka pande zote, lakini naye alibaki katika hali iliyotulia. Suala la muda lilisubiri.

Ufunguo wake ulikuwa umeandikwa Ufaransa kabla hata ya Darcy kumaliza masomo. Mwaka 1822 mwanahisabati Joseph Fourier alikuwa amechapisha nadharia yake ya jinsi joto linavyosambaa katika vitu vigumu. Ukiunganisha kanuni ya Darcy na mambo mawili mengine, kwamba kimiminika hakipotei njiani na kwamba hubanwa kidogo kinapokandamizwa, unapata mlinganyo wenye sura ile ile ya mlinganyo wa joto wa Fourier. Mgandamizo husambaa katika mwamba kama joto linavyosambaa katika kipande cha chuma kilichoguswa na moto upande mmoja. Ufumbuzi wote ambao wanahisabati walikuwa wamekwisha kuutafuta kwa ajili ya joto ukawa mali ya wahandisi wa visima, bure.

Aliyetumia mlango huo kwa mafanikio makubwa alikuwa mtaalamu wa maji ya ardhini wa Marekani, Charles Theis, mwaka 1935. Kwa msaada wa rafiki mwanahisabati alichukua ufumbuzi wa joto na kuutumia kueleza jinsi maji yanavyoshuka kuzunguka kisima kinachovutwa na pampu, saa baada ya saa. Kwa mara ya pili, hatua iliyokuja kuwanufaisha wachimbaji wa mafuta ilikuwa imetoka kwa mtu wa maji.

Sekta ya mafuta nayo ilikuwa ikimkumbuka Darcy kwa njia yake. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Marekani walipendekeza kipimo cha upenyezaji wa miamba kiitwe darsi. Darsi moja ni upenyezaji wa mwamba unaoruhusu sentimita moja ya ujazo ya kimiminika chenye mnato wa sentipoizi moja, ambao ni takribani mnato wa maji, kupita kila sekunde katika eneo la sentimita moja ya mraba, pale mgandamizo unapotofautiana kwa atmosfia moja katika urefu wa sentimita moja. Mchanga ulioshikana vizuri chini ya ardhi mara nyingi hauna hata darsi moja. Hupimwa kwa sehemu za elfu. Mwaka 1937 Morris Muskat alitoa kitabu kilichokusanya hisabati ya mitiririko hiyo, na mwaka 1949 van Everdingen na Hurst wakaonyesha jinsi ya kutumia mbinu nyingine ya hisabati yenye asili ya Ufaransa, ile ya Laplace, kutatua mlinganyo huo kwa hali halisi za visima.

Njia iliyokuja kuenea kuliko zote ilitolewa na D. R. Horner katika mkutano wa dunia wa mafuta uliofanyika The Hague, Uholanzi, mwaka 1951. Inafaa kuieleza, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi mwamba unavyohojiwa. Kisima huachwa kitoe mafuta au gesi kwa muda unaojulikana na kwa kiasi kinachopimwa. Kisha hufungwa. Kifaa kilicho chini kisimani huendelea kuandika mgandamizo unavyopanda tena, haraka mwanzoni, halafu polepole zaidi na zaidi. Mhandisi huchukua muda wa uzalishaji, huongeza muda uliopita tangu kufunga, na jumla huigawanya kwa muda huo wa kufunga. Uwiano unaopatikana huuchora kwa kipimo cha logarithimu, mgandamizo ukiwa upande wa pili. Mwamba ukiwa wa kawaida, nukta hujipanga katika mstari ulionyooka.

Mteremko wa mstari huo, pamoja na kiasi kilichozalishwa na mnato wa kimiminika, hutoa upenyezaji wa mwamba ukizidishwa na unene wake. Ni namba ile ile ambayo Darcy aliitafuta katika mchanga wa Saône, isipokuwa sasa mwamba uko maelfu ya mita chini na hakuna aliyeugusa. Mstari ukirefushwa hadi mahali ambapo muda wa kufunga ungekuwa hauna mwisho, husomwa mgandamizo wa tabaka kabla halijaguswa. Mgandamizo uliokuwepo kabla tu ya kufunga ukilinganishwa na mstari huo, hujulikana kama ukuta wa kisima umeharibiwa na tope la kuchorongea, na hivyo kama kisima kinahitaji kusafishwa au kuachwa. Na mstari ukijikunja ghafla na mteremko wake kuwa mara mbili, mhandisi hushuku kwamba upande mmoja, mahali fulani, mwamba umekatwa na ufa usiopitisha kitu.

Hesabu hizi zina mipaka, na ni vyema mwananchi aijue. Mistari miwili tofauti inaweza kupita katika nukta zile zile ikiwa kipimo kilikuwa kifupi mno. Katika saa za kwanza kinachosomwa ni tabia ya kisima chenyewe, jinsi kinavyojaa baada ya kufungwa, na anayekisoma kama mwamba hudanganyika. Kwa upande wa gesi, mnato na uwezo wa kubanwa hubadilika kadiri mgandamizo unavyobadilika, hivyo ilibidi hadi mwaka 1966 wataalamu wabuni namna ya kuugeuza mgandamizo kabla ya kuuweka katika mlinganyo. Aidha, gesi ikienda kwa kasi kubwa karibu na kisima, kanuni ya Darcy haitoshi. Marekebisho yake yalitolewa na Philipp Forchheimer wa Austria mwaka 1901.

Hayo ndiyo yanayofanya tangazo la kiasi cha gesi lisitolewe siku ile ile kisima kinapopatikana. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa mwaka 2004. Ile ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 2006. Miaka hiyo ilikuwa na sababu nyingi, zikiwamo fedha na soko. Hata pale fedha na soko vinapokuwepo, upimaji wa visima haurukwi, wala haukomi uzalishaji unapoanza: mgandamizo wa tabaka hushuka kadiri gesi inavyotoka, na kasi ya kushuka ikilinganishwa na kiasi kilichotoka hueleza ukubwa wa hazina yenyewe. Ndiyo maana tarakimu hurekebishwa. Vilevile, zile trilioni 57.54 ni gesi inayokadiriwa kuwapo mwambani. Sehemu itakayoweza kutolewa ni ndogo kuliko hiyo, na ni vipimo vya visima vinavyosaidia kusema ni ndogo kwa kiasi gani.

Mjini Dijon, mahali palipokuwa na tenki la Porte Guillaume pamekuwa bustani ya umma inayoitwa kwa jina la Darcy, na watoto hucheza humo chini ya miti. Tenki lake liko pale pale, chini ya ardhi.